Elfu Nane

Sechelela alizaliwa kwa kuvutwa,
kichwa kirefu kama kibuyu cha kuchotea,
na majuma sita alilia
tangu adhana ya magharibi hadi jogoo wa Mzee Chidawali.
Zahanati wakampima: mzima.
Mama mkwe akasema ni chango.
Mimi nachomelea mageti hapa Chang'ombe;
nilikwenda kazini na usingizi umening'inia kopeni.

Damari ndiye aliyepata habari za Foibe:
chumba kimoja Nkuhungu, nyuma ya duka la vigae,
pazia la kitenge, godoro la futi tatu,
beseni la maji, saa ya ukutani iliyosimama.
Wewe ni mganga? nikauliza nikiwa bado mlangoni.
"Hapana. Sina dawa, sina kombe, sina hirizi.
Nashika tu."

Elfu nane. Kushika tu.

Akamlaza mtoto, akanawa, akangoja mikono ipate joto.
Kisha vidole viwili chini ya kisogo,
kiganja cha pili juu, kando ya utosi,
pale ambapo mfupa haujafunga mlango
na ngozi inapanda, inashuka,
inapanda, inashuka,
kama kifuniko cha sufuria uji ukikaribia kuchemka.

Nikasubiri abonyeze.
Avute. Anyooshe. Mimi ndivyo nilivyozoea:
chuma kikikataa, unakipa nyundo.
Dakika tano. Kumi. Nzi akatua gotini kwangu,
akaruka, akarudi.
Upepo wa Agosti ukasukuma bati,
vumbi likaingia chini ya mlango bila hodi.
Nikapiga hesabu: elfu nane ni kilo ngapi za unga?

"Umejifunza wapi?" nikauliza,
kwa sauti ya mtu anayedai risiti.
Akajibu bila kuinua macho:
"Mifupa nilifundishwa na mtawa.
Uzito nilijifunza Hombolo, shambani.
Zabibu ikiiva huwa na unga mwembamba juu ya ganda.
Msimamizi akiona alama ya kidole kwenye unga ule,
anakata mshahara.
Miaka saba nilichuma vichala."

Mtoto akapiga mwayo.
Akajikojolea. Akalala
mdomo wazi, ngumi imefumbuka,
na Damari, pembeni, akaanza kulia yeye,
kama vile nyumba yetu ni lazima iwe na mtu wa zamu.

"Sasa baba," akasema Foibe.
Nikacheka. Nikalala, maana pesa ilishalipwa.
Akakipokea kichwa changu kwa viganja viwili
na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nakibeba,
miaka thelathini na minne nakibeba,
kama debe la maji bila kata.

Nani alikishika mara ya mwisho?
Kinyozi, akikigeuza.
Askari wa stendi, akikiinamisha.
Na kabla yao mama, Mpwapwa, mwaka wa njaa,
na wembe na sabuni ya mche,
kiganja kwenye paji: tulia, usitikisike.
Kwa muda wote wa wembe ule
hakuna baya lililoweza kunifikia.

Sikusinzia. Sikupona; sikuwa mgonjwa.
Ila kuna mtu nyuma ya macho yangu
alitua mzigo, akaukalia.

Usiku ule Sechelela alilia, sitaki kudanganya.
Alilia saa nane, kwa sauti yake yote ya zamani.
Damari akajigeuza. Nikasema, lala.
Mikono yangu ina makovu ya cheche,
inakwaruza hata shuka.
Nikanawa. Nikangoja ipate joto.
Nikaweka kiganja chini ya kile kichwa
na sikufanya kitu.
Sikufanya kitu kwa nguvu zangu zote.

Asubuhi kijana wangu wa kazi akaniuliza
mbona geti la mteja nimelishika muda mrefu hivyo
kabla ya kuwasha moto.